Alama ya Siri na Mwenye Siri: Ulinzi wa Maandishi katika Historia ya Kasongo

1.0 Utangulizi

Katika ofisi nyingi za leo, mtumishi anayehifadhi waraka kwenye kompyuta hutakiwa achague neno moja kabla ya kuufunga: wa wazi, wa ndani, wa siri, au wa siri kuu. Neno hilo ndilo alama ya waraka. Likishawekwa hufuatana nao kila uendako, na mara nyingi ndilo linaloiamuru mashine imruhusu nani kuufungua, nani kuunakili, na nani asiweze kuutuma nje ya ofisi. Kwa watu wengi jambo hili linaonekana kuwa geni, lililozuka pamoja na kompyuta.

Makala hii inajaribu kuonyesha kwamba ugeni huo ni wa chombo tu. Swali la nani asome kilichoandikwa na nani asikisome ni la kale, nalo limejibiwa kwa namna mbalimbali katika nchi zinazotumia Kiswahili. Mfano unaochunguzwa hapa ni Kasongo, katika Maniema ya kusini, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Mji huu umepitia hatua zote tatu za ulinzi wa maandishi. Kwanza siri iliwekwa kwa mtu. Baadaye ikawekwa chini ya muhuri wa ofisi. Na sasa inaanza kuwekwa ndani ya faili lenyewe. Hoja inayotetewa ni kuwa alama ya siri haitoshi mpaka ijibu maswali matatu: inamlinda nani, inamruhusu nani, na mpaka lini. Pale ambapo maswali hayo hayakujibiwa, alama ilimlinda mwenye muhuri na kumwacha wazi yule aliyeandikwa jina lake.

2.0 Siri iliyowekwa kwa mtu: barua hadi 1893

Hamed bin Muhammed el-Murjebi, aliyejulikana zaidi kwa jina la Tippu Tip, aliifanya Kasongo kuwa makao yake katika miaka ya 1870. Mji wa wakati huo ulikuwa mahali panapoitwa leo Tongoni, mbali kidogo na mji wa sasa. Biashara yake, ya pembe na ya watu waliotekwa na kutiwa utumwani, ilitegemea barua kama ilivyotegemea bunduki na wapagazi. Barua zilikwenda Nyangwe na Ujiji, Tabora na Unguja, zikieleza bei, madeni, safari na ugomvi. Ziliandikwa kwa Kiarabu, au kwa Kiswahili katika hati ya Kiarabu. Tippu Tip mwenyewe aliandika habari za maisha yake kwa Kiswahili katika hati hiyo, na kitabu chake kilichapishwa Berlin mwanzoni mwa karne ya 20 kwa juhudi za Heinrich Brode.

Barua za namna hii hazikuwa na alama ya siri kwa maana ya leo. Ulinzi wake ulikuwa katika mambo matatu. La kwanza ni mchukuaji. Tarishi aliyeaminika ndiye aliyekuwa kufuli, na mara nyingi habari nzito zaidi haikuandikwa kabisa bali alipewa yeye kwa mdomo. La pili ni hati, kwani aliyejua kusoma herufi za Kiarabu alikuwa mmoja kati ya wengi. La tatu ni lugha. Nje ya barua paliandikwa anwani tu, yaani jina la mpelekewa pamoja na dua za kumtakia heri. Katika nchi mbalimbali zinazotumia hati ya Kiarabu ilikuwa pia desturi kuandika nje ya barua neno buduh, au tarakimu zake 8642, ili barua ifike salama. Alama hiyo iliilinda barua njiani, lakini haikusema lolote kuhusu nani aruhusiwe kuisoma.

Wageni kutoka Ulaya walitambua mapema kuwa anayeshika barua ndiye anayeshika mamlaka. Kwa mkataba wa tarehe 24 Februari 1887 uliofanyika Unguja, Tippu Tip alikubali kuwa gavana wa Stanley Falls kwa niaba ya Dola Huru ya Kongo ya Mfalme Leopold wa Pili. Mkataba huo ulimpa mshahara wa paundi 30 kwa mwezi. Vilevile ulisema kuwa atawekewa ofisa wa Kizungu atakayekuwa katibu wake katika mawasiliano yote na mtawala mkuu wa Dola hiyo. Sharti hilo linaonekana dogo, lakini maana yake ilikuwa kwamba tangu siku hiyo barua za gavana kwenda juu zingepitia jicho la mtu aliyewekwa na wakubwa wake.

Matukio mawili ya mwaka 1892 yanaonyesha nguvu na udhaifu wa siri ya namna hii. La kwanza ni kuuawa kwa Emin Pasha mwezi Oktoba, katika msitu ulio kaskazini ya Maniema. Kwa mujibu wa maelezo yaliyokusanywa baadaye na konsuli wa Marekani, R. Dorsey Mohun, Emin alikuwa na barua ya Kibonge ya kumhakikishia njia salama. Alipoitaja, mwenyeji wake Kinena alimwonyesha barua nyingine ya Kibonge huyo huyo, iliyoamuru auawe. Emin alijua Kiarabu. Akaisoma mwenyewe hukumu yake. Barua mbili zilitoka kwa mtu mmoja, moja ya kuonyeshwa na moja ya kufichwa, na hapakuwa na alama yoyote ya kuzitofautisha isipokuwa mikono iliyozichukua.

Tukio la pili lilitokea mwezi Novemba, vita vilipokuwa vimeanza baina ya Dola ya Leopold na Sefu, mwana wa Tippu Tip aliyetawala Kasongo. Sajenti De Bruyne, aliyekuwa ameshikwa Kasongo pamoja na Luteni Lippens, aliletwa ukingoni mwa mto Lomami azungumze na maofisa wa ng'ambo ya pili. Maofisa hao walimpa nafasi ya kutoroka, na lugha ya Kizungu iliwawezesha kulisema hilo mbele ya walinzi wake. De Bruyne alikataa kwa kuwa mwenzake alibaki Kasongo. Muda mfupi baadaye wote wawili waliuawa. Hapa lugha ilifanya kazi ya bahasha: maneno yalisemwa hadharani, na yakabaki kuwa siri.

Tarehe 22 Aprili 1893 majeshi yaliyoongozwa na Dhanis yaliiteka Kasongo, na tarehe 25 Januari 1894 yaliingia Kabambare. Miongoni mwa vitu vilivyoangukia mikononi mwao zilikuwamo karatasi za Emin. Barua za wafanyabiashara na watawala wa Maniema na Stanley Falls nazo zilikusanywa na maofisa, na sehemu yake imehifadhiwa Ubelgiji, hasa katika Makumbusho ya Tervuren. Mtaalamu Xavier Luffin amezichunguza hati hizo za Kiarabu na za Kiswahili, na mwaka 2007 alichapisha uchunguzi juu ya zile za Kiswahili katika jarida la Swahili Forum. Kwa mwanahistoria, hati hizo ni hazina kubwa, kwa sababu zinawafanya watu wa Kongo wazungumze kwa kalamu zao wenyewe. Kwa upande wa mada hii zinafundisha jambo lingine. Siri inayokaa kwa mtu hufa pamoja naye. Tarishi akishauawa na mpelekewa akishakimbia, barua hubaki bila mlinzi, na yeyote aokotaye husoma.

3.0 Siri iliyowekwa chini ya muhuri: masijala ya koloni

Utawala wa Kibelgiji uliofuata mwaka 1908 ulikuwa utawala wa karatasi. Msimamizi wa wilaya aliandika ripoti za kila mwaka na za kila safari. Kulikuwa na orodha za walipa kodi, vitabu vya utambulisho, majalada ya machifu na majalada ya watu walioshukiwa. Baadhi ya majalada hayo yaligongwa muhuri wenye neno la Kifaransa CONFIDENTIEL, na mengine neno SECRET. Kwa mara ya kwanza katika eneo hili, siri ilitengana na mtu. Karani angeweza kubadilishwa na msimamizi kuhamishwa. Muhuri ulibaki juu ya jalada ukiendelea kuamuru.

Hayo yalikuwa maendeleo ya kweli katika ufundi wa kutunza habari, na haifai kuyabeza. Muhuri ulimweleza kila aliyelishika jalada kwamba lina sharti lake, na wakati mwingine ulimkinga mtoa habari asijulikane kwa jirani zake. Hata hivyo inafaa kuuliza mtu aliyeandikwa ndani alipata nini. Waislamu wa Kasongo na Kabambare wanatoa mfano ulio wazi. Utawala ulitazama kwa shaka misikiti, vyuo vya Kurani na tarika za kisufi, ukihofia uhusiano wao na pwani na nchi za Kiislamu. Walimu na mashehe walifuatiliwa na habari zao kuandikwa. Hata elimu ya juu ilihusishwa na uchunguzi huo: Armand Abel, profesa wa Brussels, alichapisha mwaka 1960 utafiti juu ya Waislamu wa Maniema.

Mwalimu wa chuo aliyeandikwa katika jalada la siri hakuweza kulisoma. Hakujua ametuhumiwa nini wala na nani, na hivyo hakuweza kusahihisha hata kosa la jina. Sheria ya koloni iliruhusu mtu ahamishwe kwao kwa amri ya utawala bila kufikishwa mahakamani, na amri ya namna hiyo ilijengwa juu ya ripoti. Kwa hiyo neno lililogongwa juu ya jalada lilimzuia asilione mtu yuleyule ambaye maisha yake yaliamuliwa ndani yake. Ndivyo methali isemavyo kuwa siri ya mtungi aijuaye kata. Lakini katika masijala ya koloni mtungi wenyewe ulikuwa ni mtu, na kata ilikuwa mikononi mwa mwingine.

4.0 Siri isiyo na mwisho

Alama ya siri isiyo na tarehe ya kwisha huwa na tabia ya kuishi kuliko sababu yake. Mwaka 1908, Leopold alipolazimika kuikabidhi Kongo kwa taifa la Ubelgiji, kumbukumbu nyingi za Dola yake zilichomwa moto mjini Brussels, kazi iliyochukua siku nane. Tume ya uchunguzi ya 1904 na 1905 ilikuwa imesikiliza mashahidi wengi wa Kiafrika. Ripoti yake ilichapishwa, lakini maneno ya mashahidi wenyewe yalifungiwa, na watafiti hawakuweza kuyasoma kwa uhuru mpaka miaka ya 1980. Mmoja wa waliohangaika kuyapata ni Jules Marchal, aliyekuwa ofisa wa koloni na kisha balozi wa Ubelgiji. Mashahidi hao walisema ili wasikilizwe. Kufungiwa kwa maneno yao hakukuwakinga wao kwa lolote, maana wengi walikuwa wamekwisha kufa.

Kabla ya uhuru wa tarehe 30 Juni 1960, mafungu makubwa ya majalada yalisafirishwa kutoka Kongo hadi Brussels. Jambo hili halikuwa la Wabelgiji peke yao. Katika Afrika ya Mashariki, Waingereza walipojiandaa kuondoka, walianzisha mfumo wa kuyagawa majalada katika mafungu mawili. Fungu moja lilikuwa la kurithiwa na serikali mpya. La pili liligongwa herufi W, kifupi cha neno la Kiingereza Watch, na lilishikwa na maofisa Waingereza wenye asili ya Ulaya tu. Mengi yalichomwa, mengine yakasafirishwa kwa siri. Maelfu ya majalada hayo yalifichuka mwaka 2011 katika ghala la Hanslope Park, wakati wazee wa Kenya walioteswa katika kambi za miaka ya 1950 walipoishtaki serikali ya Uingereza. Huenda hakuna mfano ulio wazi kuliko huu wa alama iliyotengenezwa mahususi kumlinda mtunza jalada dhidi ya mtu aliyeandikwa ndani ya jalada.

Nchi kadhaa zimejaribu baadaye kuipa siri mwisho wake. Tanzania iliweka kanuni ya miaka 30 kabla ya kumbukumbu za umma kufunguliwa kwa watafiti. Ubelgiji ilitunga sheria ya ngazi za siri mwaka 1998 na kuifanyia mabadiliko mwaka 2023. Na kumbukumbu za Kiafrika zilizokuwa chini ya Wizara ya Mambo ya Nje ya nchi hiyo zimehamishiwa katika Hifadhi ya Kumbukumbu ya Taifa. Hata hivyo mwanafunzi wa Kasongo anayetaka kusoma habari za babu yake bado anahitaji viza na nauli ya ndege.

5.0 Daftari la mgonjwa

Kasongo inajulikana kwa namna nyingine pia miongoni mwa wataalamu wa afya ya jamii. Kuanzia miaka ya 1970, Taasisi ya Tiba ya Nchi za Joto ya Antwerp ilishirikiana na Zaire kujenga huko mfumo wa hospitali moja na vituo vya afya vijijini. Mradi huo ulikuja kutajwa sana katika mijadala ya afya ya msingi. Mwaka 1981 jarida la Lancet lilichapisha matokeo ya utafiti wake juu ya chanjo ya surua na uhai wa watoto wa miezi 7 hadi 35.

Utafiti kama huo hauwezekani bila kumbukumbu za kila mtoto: amezaliwa lini, amechanjwa lini, yu hai au amefariki. Hizo ni habari za ndani kabisa za nyumba za watu. Lakini msomaji wa jarida hakuona jina la mtoto hata mmoja. Aliona idadi tu. Hapa ndipo inapojitokeza namna nyingine ya siri, iliyo kinyume na ile ya masijala ya koloni. Jina hubaki kituoni, karibu na muuguzi anayelihitaji ili atibu. Kinachosafiri ni namba. Kinachofichwa ni kile tu kinachoweza kumdhuru mtu, na kinachofaa umma huachwa wazi.

Umuhimu wa utaratibu huo uliongezeka wakati wa vita vya 1996 na vile vya 1998 hadi 2003, ambavyo vilifika Maniema na kuacha watu wengi wakiwa wamepoteza jamaa au wametendewa ukatili wa kijinsia. Mwanamke anayemweleza muuguzi yaliyompata hutoa habari ambayo ikivuja inaweza kumvunjia ndoa, kumfukuzisha kijijini au kumrudisha mikononi mwa aliyemtenda. Sheria za Kongo zimelitambua jambo hili hatua kwa hatua: sheria za mwaka 2006 juu ya ukatili wa kijinsia, sheria ya mwaka 2008 juu ya haki za watu wanaoishi na virusi vya Ukimwi, na kanuni ya mambo ya kidijitali ya mwaka 2023, yenye masharti juu ya data za watu binafsi. Kenya ilipata sheria yake ya ulinzi wa data mwaka 2019, na Tanzania mwaka 2022.

6.0 Alama ndani ya faili

Kumbukumbu za aina hii sasa zinahamia kwenye kompyuta na simu. Jalada la karatasi lilikuwa na ulinzi wake wa asili: uzito. Mtu asingeweza kuiba kabati zima bila kuonekana. Faili la kompyuta halina uzito, na nakala yake haina tofauti na asili. Ndiyo sababu alama imehitajika iwe sehemu ya faili lenyewe.

Neno SIRI likichapwa juu ya ukurasa tu, kazi yake ni kuonya. Alama iliyoandikwa ndani ya faili, mahali ambapo programu huisoma, huweza kufanya zaidi. Huweza kulifunga faili kwa maandishi ya fumbo ambayo asiye na ufunguo hawezi kuyasoma. Huweza pia kuzuia kunakili na kutuma nje, na kuandika kumbukumbu ya kila aliyelifungua. Lakini nayo ina mipaka. Haimzuii mtu kupiga picha ya kioo cha kompyuta. Haifai kitu iwapo jina la mgonjwa limewekwa kuwa jina la faili, kwa maana orodha ya mafaili huonekana hata kabla ya kufunguliwa. Na pale ambapo kila waraka umetiwa alama ya siri, hata tangazo la mkutano, watumishi huzoea kuipuuza alama hiyo hiyo wanapokutana na siri ya kweli.

Historia ya Kasongo inapendekeza masharti machache. Ngazi za siri ziwe chache, na kila ngazi iwe na tendo lake linalojulikana: nani afungue, ihifadhiwe wapi, ipelekwe vipi. Kila alama iwe na mwenye dhamana, mtu anayeweza kuulizwa. Iwe na tarehe ya kutazamwa upya. Na iandikwe kwa lugha anayoifahamu yule anayelishika faili. Neno la Kifaransa au la Kiingereza lisiloeleweka na karani wa kituo cha afya linabaki kuwa pambo.

Sharti hili la mwisho linawahusu wataalamu wa Kiswahili moja kwa moja. Istilahi zinazotumika ofisini mara nyingi zinachanganya mambo mawili. Siri ni jambo ambalo chombo kimeamua kulificha, na kinaweza kulifichua kikitaka. Faragha ni haki ya mtu juu ya habari zake mwenyewe, na chombo hakina mamlaka ya kuitoa. Jalada la shehe wa Kasongo lilikuwa na siri bila faragha. Jedwali la chanjo lilikuwa na faragha bila siri. Alama moja ikitumika kwa yote mawili, mtumishi hawezi kujua analinda heshima ya ofisi au usalama wa mtu.

7.0 Hitimisho

Imeonyeshwa kwamba ulinzi wa maandishi Kasongo ulihama kutoka kwa tarishi hadi kwenye muhuri, na kutoka kwenye muhuri hadi ndani ya faili. Kila hatua iliongeza nguvu ya kufunga. Haikuongeza yenyewe haki ya aliyefungiwa ndani. Barua za 1892 zilipoteza mlinzi kwa kuwa mlinzi alikuwa mtu. Majalada ya koloni yalilindwa barabara, lakini dhidi ya wenyewe. Daftari la mtoto liliwezesha elimu kuenea bila jina kuenea.

Wafanyabiashara wa Kasongo ya kale walikuwa na neno ambalo ofisi za leo zinaweza kulitafakari. Mali ya mtu iliyowekwa kwa mwingine waliiita amana. Mwenye kuishika si mwenyewe. Anaitunza, hubeba lawama ikipotea, na huirudisha inapotakiwa. Habari za mgonjwa, za mfanyakazi au za shahidi ni amana ya namna hiyo. Mtumishi akichagua alama ya faili huku akijua kuwa habari hizo si zake, alama hiyo itakuwa na maana hata ikiwa kompyuta yake ni kuukuu.